Usikimbilie Mlango: Vidokezo 10 vya Safari Zako Jijini Dar es Salaam

Saa kumi na moja alfajiri, Mbagala Rangi Tatu kumeshachangamka. Mama lishe amewasha jiko, makonda wanaita Kariakoo na Makumbusho, na watu walioamka na giza wamesimama kando ya lami, kila mmoja akichungulia taa za gari linalokuja. Saa hiyohiyo hali ni ileile Gongo la Mboto, Kimara, Tegeta na Chanika. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa wetu, na ukisimama barabarani asubuhi utadhani wote wameitwa sehemu moja.

Mimi safari hiyo niliianza nikiwa na sare ya shule, nikaendelea nayo nilipopata kazi, na sasa naifanya nikiwa nimemshika mtoto wangu mkono. Nilichojifunza ni kwamba umbali ndicho kitu cha mwisho tunachokiangalia. Mtu huangalia atafika saa ngapi, atabakiwa na shilingi ngapi, na amebeba nini au nani. Yapime hayo matatu kabla hujafunga mlango wa nyumba, utachoka kidogo kuliko mwenzako anayekimbilia kila gari linalosimama. Haya hapa ndiyo yaliyonisaidia.

1. Hesabu magari, usihesabu kilomita

Dar es Salaam imekaa kama kiganja. Kiganja chenyewe ni Posta na Kariakoo; vidole ni Barabara ya Bagamoyo, ya Morogoro, ya Nyerere na ya Kilwa. Barabara kubwa zinazounganisha kidole na kidole ni chache: Mandela, Sam Nujoma, Kawawa. Ndiyo maana mtu wa Mbagala anayekwenda Gongo la Mboto, ambako ukitazama ramani ni kama kwa jirani, mara nyingi hulazimika kusogea kwanza mpaka Tazara ndipo ageuke.

Kwa hiyo mtu akikuuliza kama ni mbali, mjibu kwa idadi ya magari. Kwenye daladala kila unapounganisha unalipa nauli upya na unasubiri upya. Safari ndefu ya gari moja huwa nafuu kuliko safari fupi ya magari mawili. Daraja la juu la Mfugale pale Tazara lilipofunguliwa 2018, na barabara za juu za Kijazi pale Ubungo mwaka 2021, mafundo mawili makubwa yalifunguka, na tofauti tunaiona. Lakini barabara ya juu inamfaa aliyekwisha kupata gari. Aliyesimama kituoni bado anasubiri.

2. Jua konda anawaza nini

Hiki ndicho kidokezo ninachokithamini kuliko vyote.

Jina lenyewe la daladala limetokana na pesa. Shirika la Usafiri Dar es Salaam, yaani UDA, liliundwa 1974, na ilipofika 1983 magari yake yalikuwa hayatoshi kabisa, serikali ikaruhusu magari ya watu binafsi yabebe abiria. Nauli ilikuwa shilingi tano, sarafu ambayo watu wa mjini waliiita dala, na makonda wakawa wanaita “dala, dala!” mpaka jina likaganda. Wakubwa wetu wanazikumbuka pia chai maharage, zile pikapu zenye mabenchi mawili ambamo abiria walikaa wakitazamana kama wapo mezani.

Mpaka leo gari linaendeshwa na hesabu. Mwenye gari anamkabidhi dereva asubuhi. Jioni anataka kiasi walichokubaliana, gari limepata abiria au halikupata. Mafuta ni juu ya dereva na konda. Kinachobaki ndicho wanachopeleka nyumbani kwao. Ukilijua hilo, mengi yanayokuudhi utayaelewa. Mchana gari halitoki mpaka lijae. Saa za kazi linakimbia ili lirudi kuchukua wengine. Jioni likikuta foleni imesimama linakatisha ruti na kugeuzia njiani. Na mwanafunzi mwenye nauli ndogo anaambiwa gari limejaa, huku siti zinaonekana.

Sasa tumia ujuzi huo. Mchana, usiingie kwenye gari tupu eti kwa sababu wewe utakuwa wa kwanza kuchagua dirisha. Tafuta lililobakiza siti mbili tatu, hilo ndilo linaloondoka. Jioni, kabla hujakanyaga ngazi, uliza: “Konda, unafika mwisho?” Uliza kwa sauti, wengine wasikie, maana akijibu mbele ya watu kumi ni vigumu kukushusha Buguruni ulipokusudia Gongo la Mboto. Nauli hupangwa na LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, kwa kufuata kilomita za ruti, na haipandi kwa sababu mvua inanyesha. Ijue ya ruti yako kwa kichwa. Na ukiwa na noti kubwa, itoe mapema na uitaje: “Hii elfu kumi, nashukia Veta.” Mimi nilishawahi kushuka kwa haraka nikamwachia konda chenji ya elfu tisa, nikabaki nalitazama gari likiishia kwenye kona. Tangu siku hiyo noti ndogo za nauli nazitenga usiku, pamoja na nguo za kuvaa.

Kama wewe ni mgeni, soma mistari ya rangi ubavuni mwa gari na maandishi ya mbele. Rangi na maandishi hayo ndiyo ruti. Mpiga debe anaweza kukupandisha gari lolote.

3. Kugeuza nalo kuna siku zake

Wageni hushangaa kuona mtu anayekwenda Kariakoo anapanda gari linalotoka Kariakoo. Huyo anageuza nalo. Analidaka gari vituo viwili vitatu kabla ya mwisho wa ruti, analipa, linafika mwisho, linageuka, naye yuko ameshakaa. Wanaogombania mlangoni wanamkuta dirishani.

Ni nauli mbili kwa safari moja, kwa hiyo ipigie hesabu. Kama safari yako ni ya dakika ishirini, simama tu, pesa yako ina kazi nyingine. Kama ni ya saa moja na nusu, nawe ni mjamzito, au mgongo unauma, au una kazi ya kusimama kutwa nzima, hiyo nauli ya ziada ni pesa iliyotumika vizuri. Mke wa kaka yangu aligeuza nalo kila asubuhi kwa miezi minne ya mwisho ya ujauzito wake. Hakuna aliyemwambia anachezea pesa.

4. Ogopa kusubiri kuliko foleni

Watafiti wa usafiri wameliona hili katika nchi nyingi: dakika moja ya kusubiri kituoni mtu huihisi kama dakika mbili za kuwa ndani ya gari linalotembea. Aliye ndani anajua anakwenda. Aliye nje hajui hata kama gari lipo.

Hapo ndipo penye siri ya mwendokasi, mabasi yenye njia yake peke yake. Mabasi haya yalipoanza Mei 2016, kutoka Kimara mpaka Kivukoni pamoja na matawi ya Gerezani na Morocco, njia ya kama kilomita 21, watu walifurahia kasi. Lakini kilichowafanya baadhi waache magari yao nyumbani ni kwamba kwa mara ya kwanza waliweza kumwambia mtu “nafika saa mbili kasoro robo” na wakafika. Mwaka 2018 Dar es Salaam ikapata Tuzo ya Usafiri Endelevu, jiji la kwanza la Afrika kuipata. Tulistahili. Na kwa sababu tulistahili, hatupaswi kuzoea vituo vilivyofurika watu saa kumi na mbili asubuhi kwa sababu mabasi ni machache. Njia ya peke yake bila mabasi ya kutosha inarudisha kituoni muda wote iliouokoa barabarani.

Kwa mpandaji, mambo ni matatu. Ukiweza kupandia mwanzo wa ruti, pandia hapo, maana katikati ya njia basi huja limejaa. Soma kibao cha mbele kabla hujaingia, kwa kuwa mengine hayasimami kila kituo, nawe unaweza kujikuta umepitishwa Shekilango ukitazama. Na ukiweza kumwomba bosi wako uingie nusu saa baadaye, omba. Nusu saa hiyo, saa mbili kasoro robo mpaka saa mbili na robo, inabadilisha hali ya kituo kabisa.

5. Mvua ikinyesha, ulizia Jangwani

Masika ni Machi mpaka Mei, vuli ni Oktoba mpaka Desemba, na katika misimu yote miwili Mto Msimbazi unaweza kuifunga Barabara ya Morogoro pale Jangwani. Usisubiri ufike Magomeni Mapipa ndipo ujue. Mpigie aliyetangulia. Jangwani pakifungwa, magari yote huhamia Daraja la Selander na lile la Tanzanite lililofunguliwa 2022, au huzungukia Mandela, kwa hiyo na huko kutajaa. Siku kama hiyo anayekaa ofisini mpaka saa mbili usiku hufika nyumbani karibu sawa na aliyetoka saa kumi na moja, tena akiwa mkavu.

6. Bodaboda: kofia moja kwa kila kichwa

Neno bodaboda lilizaliwa mpakani Busia, kati ya Kenya na Uganda, kwa baiskeli zilizovusha watu na mizigo kutoka boda mpaka boda. Dar es Salaam pikipiki zimeshamiri kwa sababu nyingine: daladala inaishia kwenye lami, na nyumba zetu haziko kwenye lami. Ziko kilomita mbili ndani, kwenye mchanga, juu ya kilima, ng’ambo ya kijito kisicho na daraja la gari. Bodaboda ndiye amelijaza pengo hilo, na anastahili heshima kwa kazi hiyo.

Lakini usipande mishikaki. Watatu kwenye pikipiki moja, mtoto katikati, unaokoa mia tano na unaweka rehani miguu ya familia nzima. Vaa kofia ngumu, uifunge mkanda wake kidevuni; kofia inayokaa juu ya mtindo wa nywele kama kawa haikusaidii kitu. Bei mpatane kabla hujapanda. Na uwe na dereva wako kijiweni, unayemjua kwa jina na anayekujua kwako, hasa kwa safari za usiku. Ukimwambia “twende taratibu, nakulipa ileile”, atakwenda taratibu, maana wengi wao hukimbia wakidhani sisi ndio tunaotaka.

Ukiwa na mzee, mgonjwa au ndoo ya samaki, chukua bajaji.

7. Usisahau maji na reli

Foleni haivuki bahari. Mtembea kwa miguu anavuka kwa kivuko kati ya Magogoni na Kigamboni kwa Sh200 na ndani ya dakika chache tu, ingawa foleni ya kukisubiri saa za jioni inahitaji moyo. Mwenye gari ana Daraja la Kigamboni, mita 680, tangu Aprili 2016, na tozo yake aiweke kwenye hesabu ya mwezi.

Na reli pia. Oktoba 2012 ilipoanza treni ya abiria wa mjini, watu waliiita treni ya Mwakyembe kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule, na wengi tuligundua kwa mara ya kwanza kwamba kuna njia ya kuingia katikati ya jiji isiyopita kwenye mataa hata moja. Kama unaishi karibu na reli, nenda stesheni uulizie ratiba ya wiki hiyo. Kuna majirani zangu waliokaa hatua chache kutoka kwenye reli kwa miaka bila kuuliza hata siku moja.

8. Panda ruti kabla ya kulipa kodi

Uamuzi mkubwa wa usafiri huufanyi kituoni. Unaufanya siku dalali anapokuonyesha chumba.

Mwaka 1994 mwanafizikia wa Kiitaliano, Cesare Marchetti, aliandika kwamba watu wa zama mbalimbali, wa vijijini na wa mijini, huelekea kutumia kama saa moja kwa siku njiani, kwenda na kurudi. Wakipata chombo chenye kasi, hawarudi nyumbani mapema. Wanahamia mbali zaidi. Mji hutanuka mpaka saa ile ijae tena. Ukitazama nyumba zilivyoifuata Barabara ya Morogoro kupita Kimara, Mbezi na Kibamba, utamwelewa. Tofauti yetu ni kwamba kwa wengi hapa saa moja ilishapita zamani. Wapo wanaotumia saa nne.

Chumba cha mbali ni cha bei nafuu, kweli. Lakini piga hesabu nzima. Tuseme bodaboda kutoka ndani mpaka lami ni Sh1,000, halafu daladala mbili za Sh600 kila moja. Kwenda ni Sh2,200, kwenda na kurudi Sh4,400. Kwa siku 26 za kazi ni Sh114,400 kwa mwezi. Hiyo ni kodi nyingine, na haionekani kwenye mkataba wowote. Jumlisha na usingizi uliopotea, chakula cha barabarani kwa kuwa umeondoka kabla ya chai, na watoto unaowaacha wamelala na kuwakuta wamelala.

Kwa hiyo kabla hujatoa kodi ya miezi sita, fanya safari hiyo mara mbili: Jumatatu asubuhi, ukitokea mlangoni pa chumba chenyewe, na Ijumaa jioni, ukirudi. Dalali atakupeleka Jumapili mchana, barabara ikiwa tupu, na kukuambia “hapa mjini dakika arobaini tu”. Usikubali Jumapili.

Pima pia uelekeo. Anayekaa Sinza na kufanya kazi Tegeta asubuhi anakwenda kinyume cha mkondo, siti anapata. Ukiwa na uhuru wa kuchagua, chagua hivyo.

9. Mwenye mtoto na mzigo ana ramani yake

Njia nyingi za mabasi zimepangwa kwa kumfikiria mtu mmoja anayetoka nyumbani kwenda kazini, halafu anarudi. Mama yangu hakuwahi kusafiri hivyo hata siku moja. Alipita kliniki, akapita sokoni Tandale, akamjulia hali shangazi Manzese, akarudi na kapu. Vituo vinne, nauli nne. Mtaalamu wa Kihispania, Inés Sánchez de Madariaga, amezipa safari za namna hii jina lake, usafiri wa matunzo, kwa sababu zisipohesabiwa hazipangiwi. Wanawake wa jiji hili wanazifanya kila siku na hulipa zaidi kwa kila kilomita kuliko mwanamume aliyenyoosha mpaka Posta.

Kinachowezekana sasa: zipange shughuli zako kwa kufuata ruti moja, ukianzia ya mbali na kumalizia ya karibu na nyumbani, ili mzigo uwe mzito mwishoni. Mzigo mkubwa wa soko upeleke kwa bajaji mkiwa wawili watatu wa mtaa mmoja. Usiku, shukia kituo chenye taa na watu, palipo na muuza chipsi au duka la miamala ya simu, hata kama kituo chako kiko mbele kidogo, kisha mpigie mtu aje mkutane. Na saa ya jioni kutoka Posta kwenda Kariakoo, kama kilomita mbili hivi, ukiwa mikono mitupu, tembea. Utalipita gari ulilotaka kulipanda.

10. Mtoto wa shule apande

Nimekiacha hiki mwisho kwa sababu si cha faida yako.

Nauli ya mwanafunzi ni Sh200. Konda mwenye hesabu ya jioni anamwona mtoto yule kama siti iliyopotea, kwa hiyo anamwekea mkono mlangoni. Gari la kwanza, la pili, la tano. Mtoto aliyeamka saa kumi usiku anafika shuleni saa mbili na nusu na kuadhibiwa kwa kuchelewa. Msichana anayeachwa kituoni kila siku siku moja atapewa lifti ya bure, na kesho yake tena, mpaka aliyempa aanze kudai. Wazazi wa jiji hili wanaijua hadithi hiyo vizuri kuliko mimi. Mpangilio wa hesabu ndio wa kulaumiwa kuliko konda, na wenye magari na wasimamizi wa usafiri wanaweza kuubadilisha. Safari ya mtoto isiachiwe huruma ya mtu ambaye naye anatafuta chakula cha wanawe.

Lakini kesho asubuhi kabla mpangilio haujabadilika utakuwa umekaa dirishani, na konda atanyoosha mkono mlangoni mbele ya mtoto mwenye begi kubwa kuliko mgongo wake. Usitazame simu. Sema: “Konda, mwache apande.” Abiria mmoja akisema, wa pili hudakia, na mkono hutoka. Akishaingia, sogeza magoti apate pa kusimama, na umshikie begi.